Masta ya rasilimali watu ya muda wote, MBA, au cheti cha taaluma ukiwa kazini: pima hivi kabla ya kuomba

Misimu ya udahili inapofunguliwa, swali hili huwasumbua wahitimu wapya wa shahada ya kwanza na pia maofisa rasilimali watu waliokaa kazini miaka kadhaa. Niache kila kitu nikasome shahada ya uzamili ya rasilimali watu kwa muda wote? Nijaribu MBA? Au nibaki kazini na kusomea cheti cha taaluma jioni baada ya saa za ofisi?

Njia zote tatu zimewafikisha watu mbali. Zote pia zimewaacha wengine na deni na karatasi wasiyojua waitumie wapi. Ninavyoona, wengi wa hao wa pili walichagua kwa kuangalia jina la shahada au la chuo kabla ya kujiuliza wao wenyewe wanapungukiwa na nini: maarifa, uzoefu, au watu wa kuwafungulia mlango. Hivyo ni vitu vitatu tofauti, na hakuna njia inayotoa vyote kwa kiwango kimoja.

Nitazilinganisha kwa vigezo vitano: unachojifunza, masharti ya kuingia, muda na fedha, mlango wa ajira, na nafasi ya kubadili mwelekeo baadaye. Vigezo hivi havina uzito sawa. Kwangu mimi mlango wa ajira ndio mzito kuliko vyote kwa mtu anayefikiria kuacha kazi akasome, na nitaeleza sababu. Lakini mwenye mkopo wa shahada ya kwanza ambao bado haujaisha ana haki ya kuanzia kwenye fedha.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Nikisema "masta" nina maana ya shahada ya uzamili ambayo kozi zake karibu zote zinahusu ajira na watu kazini, mwanafunzi akisoma mchana kwa muda wote. "MBA" ni shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ile ya muda wote, ambayo ndani yake unaweza kuchagua mkazo wa rasilimali watu. "Cheti" ni vyeti vya taaluma vinavyotolewa na vyama na taasisi kama CIPD ya Uingereza, au SHRM na HRCI za Marekani. Masta ya jioni au ya mtandaoni nitaigusa pale inapohusika, kwa kuwa anayeichagua anafanana zaidi na mtu wa cheti: hataki kuacha mshahara.

Unachojifunza

Masta za rasilimali watu zina koo mbili, na waombaji wengi hawalijui hili mpaka wameshaingia darasani. Ukoo wa kwanza ulizaliwa na mahusiano kazini. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1935 iliwapa wafanyakazi wengi wa sekta binafsi haki ya kuunda vyama na kujadiliana na mwajiri kwa pamoja. Vita Kuu ya Pili ilipomalizika, migomo mikubwa ya 1945 na 1946 ilionyesha kuwa kulikuwa na upungufu wa watu waliojua kukaa katika meza ya majadiliano, kwa upande wa mwajiri na hata kwa upande wa chama. Katika miaka hiyo hiyo vyuo vilianzisha shule na taasisi maalumu: Cornell na Minnesota mwaka 1945, Illinois mwaka 1946, Rutgers mwaka 1947. Katika ukoo huu bado utakuta sheria za kazi, majadiliano ya pamoja, usuluhishi wa migogoro na uchumi wa soko la ajira vikipewa nafasi kubwa.

Ukoo wa pili umekulia ndani ya shule za biashara. Huko mfanyakazi anatazamwa zaidi kama sehemu ya mkakati wa kampuni: namna ya kupata vipaji, kupanga mishahara na marupurupu, kupima utendaji, kuchambua takwimu za wafanyakazi, kusimamia mabadiliko ya muundo. Mpaka kati ya koo hizi haujanyooka. Programu ya Minnesota, kwa mfano, leo iko ndani ya shule ya biashara ya Carlson. Kwa hiyo usihukumu kwa jina wala kwa historia. Fungua orodha ya kozi, weka pembeni zile za hiari, na uhesabu za lazima: ngapi ni za mishahara, ngapi za sheria, ngapi za takwimu, na kama kuna hata moja ya fedha. Ndani ya nusu saa utakuwa umeijua programu kuliko kwa kusoma vipeperushi vyake vyote.

MBA inakufundisha kampuni nzima. Uhasibu, fedha, masoko, uendeshaji, takwimu na mkakati huchukua sehemu kubwa ya mwaka wa kwanza. Kozi za rasilimali watu huja baadaye, kama za hiari, na katika shule nyingine ni chache mno kiasi kwamba "mkazo" ni kozi tatu au nne tu. Ila faida yake ni kubwa. Maofisa wengi wa rasilimali watu hushindwa hoja nzuri kwenye vikao vya bajeti kwa sababu hawawezi kusoma taarifa ya mapato na matumizi na kuonyesha ni mstari upi utakaobadilika wafanyakazi wakiacha kuhama. Mtu wa MBA anaweza.

Cheti hugusa mambo mengi bila kuzama sana katika lolote. CIPD ina sifa za ngazi ya 3, ya 5 na ya 7, na hiyo ya 7 iko katika kiwango cha uzamili, na inadai uandike kazi ndefu za uchambuzi. SHRM ina mitihani miwili, SHRM-CP kwa watendaji na SHRM-SCP kwa wenye majukumu ya juu, na sehemu kubwa ya maswali hukupa tukio la ofisini na kukutaka uchague hatua inayofaa zaidi. HRCI ina ngazi za aPHR kwa wanaoanza, PHR kwa watendaji na SPHR kwa waliobobea, pamoja na PHRi na SPHRi kwa walio nje ya Marekani. Mafunzo halisi ya mtu wa cheti hutokea mezani kwake: anasoma jioni kuhusu kushughulikia malalamiko, na kesho yake kuna lalamiko linalomsubiri. Aliye na kazi yenye majukumu mapana atafaidi sana. Kama kutwa kazi yako ni kupanga mafaili ya likizo tu, utafaulu mtihani bila kupata pa kuutumia.

Masharti ya kuingia

Masta kwa kawaida inapokea shahada ya kwanza ya fani yoyote. Saikolojia, sosholojia, sheria, uchumi, hata lugha. Utatakiwa kutoa transkripti, barua mbili au tatu za mapendekezo, wasifu na insha ya kueleza nia yako. Programu nyingi hazidai tena GRE wala GMAT, mitihani ya kupima uwezo wa kusoma uzamili, au hutoa msamaha, lakini matokeo mazuri yanaweza kumbeba mwombaji ambaye alama zake za hesabu ni dhaifu. Mitihani yenyewe imefupishwa: tangu Septemba 2023 GRE inachukua muda usiofika saa mbili, na GMAT ya sasa ni ya saa mbili na robo. Matokeo yake hudumu miaka mitano. Ya TOEFL na IELTS, mitihani ya Kiingereza, hudumu miwili tu, kwa hiyo usiifanye mapema mno. Uzoefu wa kazi husaidia, lakini mara nyingi si lazima.

MBA huegemea uzoefu. Shule nyingi hupenda mtu aliyefanya kazi miaka kadhaa na kupandishwa cheo angalau mara moja. Mhitimu mpya anaweza kukubaliwa mahali fulani, lakini akiwa darasani ataona jinsi wenzake wanavyochangia mijadala kwa mifano ya kazini, na yeye hana.

Kwa cheti inategemea ni kipi. aPHR haidai uzoefu wowote. PHR inadai mwaka mmoja wa kazi ya kitaalamu kwa mwenye shahada ya uzamili, miwili kwa mwenye shahada ya kwanza, na minne kwa asiye na shahada. SPHR inapanda hadi minne, mitano na saba kwa mpangilio huo huo. Hapo neno la kuzingatia ni "kitaalamu". Kuingiza taarifa kwenye mfumo na kupokea wageni wa usaili havihesabiwi, hata kama cheo chako kinaitwa afisa. Uandike majukumu yako halisi kabla ya kulipa ada ya mtihani.

Muda na fedha

Masta nchini Marekani huchukua kati ya mwaka mmoja na nusu na miwili. Uingereza nyingi ni za mwaka mmoja. MBA ya Marekani kwa kawaida ni miaka miwili, na Ulaya ziko fupi zaidi. Ya INSEAD, shule ya biashara ya Ufaransa, ni miezi 10. Cheti hupimwa kwa miezi, isipokuwa CIPD ya ngazi ya juu, ambayo kwa mtu anayefanya kazi inaweza kuvuka mwaka.

Kosa la kawaida katika hesabu ni kuandika ada peke yake. Gharama ya kwenda muda wote ni ada, pamoja na maisha, pamoja na mshahara utakaouacha, ukitoa ufadhili. Kwa mtu ambaye tayari ana mshahara mzuri, hicho kipengele cha tatu kinaweza kuipita ada. Kwa mhitimu mpya asiye na kazi kiko karibu na sifuri, na hii ndiyo sababu masta inaweza kuwa rahisi kwake na ghali kwa dada yake aliyemtangulia kazini, ingawa wote wameandikiwa ada ile ile.

Masta zina faida ambayo wengi hawaiulizii: nafasi za usaidizi wa utafiti au wa kufundisha, zinazopunguza ada au kuiondoa kabisa na kuongeza posho. Hutolewa kwa wachache, na mara nyingi wanaofikiriwa kwanza ni walioomba mapema. Kama programu ina tarehe ya kipaumbele na tarehe ya mwisho, ile ya kipaumbele ndiyo tarehe yako. MBA zina ufadhili pia, lakini mikopo ndiyo njia kuu ya wengi. Cheti hulipiwa na waajiri wengi, wakati mwingine kwa sharti la kubaki kazini kwa muda fulani baada ya kufaulu. Lisome sharti hilo. Kumbuka pia kwamba vyeti vya SHRM, pamoja na PHR na SPHR, huhuishwa kila baada ya miaka mitatu, kwa kukusanya pointi 60 za kujiendeleza au kurudia mtihani.

Mlango wa ajira

Hapa ndipo ninapoomba utulie.

Unapoenda kusoma kwa muda wote, sehemu kubwa ya kile unachokilipia iko nje ya darasa. Vitabu unaweza kuvisoma nyumbani. Usichoweza kujipatia mwenyewe ni wiki 10 hadi 12 za mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo ya kiangazi, kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, ndani ya kampuni inayotaka kukuajiri, ukiwa na mradi wako, msimamizi wako, na mwishoni wasilisho mbele ya wakubwa. Waajiri wakubwa wenye programu za kukuza viongozi wa rasilimali watu huutumia muda huo kama usaili mrefu. Wengi wanaoajiriwa humo hupewa ofa kabla hata ya kurudi chuoni kumalizia masomo.

Kwa hiyo masta ya miaka miwili yenye kiangazi katikati, na masta ya mwaka mmoja, ni bidhaa mbili tofauti hata zikiwa na kozi zinazofanana. Katika ile ya mwaka mmoja huna kiangazi cha katikati. Kutafuta kazi kunaanza mwezi unaowasili, na anayeingia bila uzoefu wowote anatoka bila uzoefu wowote, ila sasa ana shahada mbili. Hii haifanyi programu za mwaka mmoja kuwa mbaya. Kwa mtu mwenye miaka mitatu ya kazi ni nzuri sana, kwa sababu tayari analeta uzoefu wake na anaokoa mwaka wa mshahara.

Jambo jingine ni kasi. Katika vyuo vingi vya Marekani masomo huanza mwishoni mwa Agosti, na waajiri wanafika Septemba. Mwanafunzi anayedhani atatulia kwanza, aizoee ratiba, kisha aandike wasifu, anakuta usaili wa kiangazi kijacho umeshapita. Ukikubaliwa, wasifu wako na majibu ya usaili yawe tayari kabla hujafunga begi.

Kila programu inayojiheshimu hutoa taarifa ya ajira za wahitimu wake. Iombe na uisome hivi. Angalia kwanza ni wahitimu wangapi waliojibu kati ya wote; "asilimia 95 wameajiriwa" haina maana kama nusu ya darasa haikujibu. Angalia kama hesabu ni ya siku ya kuhitimu, ya miezi mitatu au ya miezi sita. Angalia vyeo, si majina ya kampuni peke yake, maana kampuni kubwa ina kazi ndogo pia. Mshahara ukitajwa, tafuta ule wa katikati badala ya wastani, kwa kuwa wahitimu wawili wenye mishahara mikubwa wanaupandisha wastani wa darasa dogo. Na kama unatoka nchi nyingine, uliza takwimu za wanafunzi wa kigeni peke yao. Ofisi ikikataa kuzitoa, hilo nalo ni jibu.

MBA ina waajiri wengi zaidi wanaofika chuoni, lakini wengi wanatafuta watu wa fedha, ushauri na masoko. Wanaotafuta watu wa rasilimali watu ni wachache, na katika shule nyingine hawafiki kabisa. Wakifika, nafasi zao huwa za juu na wagombea ni wachache pia. Anayekwenda MBA kwa ajili ya rasilimali watu aiulize ofisi ya ajira swali moja kwa maandishi: ni wanafunzi wangapi wa darasa lililopita waliopata mafunzo ya kiangazi katika idara za rasilimali watu?

Cheti kinafanya kazi tofauti. Hakikuletei mwajiri. Kinamsaidia mwajiri aliyekwisha kukuona akuamini zaidi, na matangazo mengi ya kazi, hasa Uingereza, hutaja CIPD kama sifa inayotakiwa au inayopendelewa. Kwa anayetaka kupanda ngazi mahali alipo, au kuhamia nafasi kama yake kwenye kampuni kubwa zaidi, cheti kinaweza kutosha. Kwa anayetoka fani nyingine bila siku moja ya kazi ya rasilimali watu, ni mlango mwembamba.

Kubadili mwelekeo baadaye

MBA ndiyo yenye uhuru mkubwa. Ukichoka na rasilimali watu unaweza kuhamia uendeshaji au ushauri bila kuanza upya. Masta inakufunga zaidi kwenye fani, ingawa ndani ya fani kuna nafasi ya kutosha: mishahara na marupurupu, uchambuzi wa takwimu, mahusiano kazini, mafunzo, ushauri. Vyeti vina suala la mipaka. PHR imejengwa juu ya sheria za kazi za Marekani, na ukihama nchi sehemu kubwa ya ulichokariri inabaki nyuma. Ndiyo maana PHRi ipo.

Njia hizi pia zinaweza kuungana. Masta nyingi za Uingereza zimeidhinishwa na CIPD, kwa hiyo unaihitimu na kufikia masharti ya kitaaluma ya uanachama kwa mkupuo mmoja, na baadhi ya programu za Marekani zimepangwa kulingana na mwongozo wa SHRM. Kabla ya kuchagua kati ya masta na cheti, angalia kama masta unayoitaka haijabeba cheti ndani yake.

Maombi yenyewe, kwa aliyeelekea masta

Insha za waombaji wa rasilimali watu zinafanana kuliko za fani nyingi ninazozijua. Sentensi ya kwanza, au ya pili, husema: "Napenda kufanya kazi na watu." Ni kweli kwa anayeiandika, sina shaka. Lakini mwalimu, muuguzi na dereva wa teksi wanaweza kuiandika vile vile, na msomaji wa kamati bado hajui kwa nini wewe, kwa nini fani hii.

Tazama mfano huu wa aya, nimeutunga ili uone tofauti:

"Katika ghala nililofanya kazi kama msimamizi wa zamu, wafanyakazi wapya walikuwa wakiacha kazi katika miezi yao ya kwanza. Meneja aliamini ni mshahara. Nilipopitia fomu zao za kuondoka, wengi walikuwa wametaja ratiba: zamu za Jumatatu zilitangazwa Ijumaa jioni, na wenye watoto hawakuweza kujipanga. Tukaanza kuitangaza ratiba Jumatano. Walioondoka walipungua, lakini hadi leo siwezi kuthibitisha kuwa sababu ilikuwa ratiba, kwa sababu mwezi huo huo tulibadilisha pia mafunzo ya kuanza kazi. Nataka kujifunza namna ya kulipima jambo kama hili sawasawa."

Mwombaji hapa hajasema anapenda watu, na bado tunaona aliwasikiliza. Ameonyesha tatizo la fani, ameonyesha mipaka ya ujuzi wake, na mipaka hiyo inaelekeza moja kwa moja kwenye kozi ya takwimu za wafanyakazi iliyomo kwenye programu. Huhitaji kuwa na cheo kikubwa kuandika aya ya namna hii. Kiongozi wa chama cha wanafunzi aliyesuluhisha mgogoro wa posho anayo, na mhudumu wa hoteli aliyepewa jukumu la kuwafundisha wafanyakazi wapya anayo.

Barua za mapendekezo zifuate kanuni hiyo hiyo. Msimamizi wako wa karibu anayeweza kueleza siku uliyotuliza ugomvi kati ya wafanyakazi wawili ana nguvu kuliko mkurugenzi anayekujua kwa jina tu. Mpe insha yako na wasifu wako wiki nne kabla, na mkumbushe kwa adabu. Kama alama zako za takwimu chuoni zilikuwa mbaya, usinyamaze: chukua kozi fupi ya takwimu sasa, na uitaje kwa sentensi mbili.

Anayeomba MBA asitumie insha hii bila kuibadilisha. Kamati za MBA hutafuta uongozi na sababu ya kuomba wakati huu, kwa hiyo kisa cha ghala kingepaswa kuelekea kwenye namna ulivyomshawishi meneja na fedha zilizookolewa. Wa cheti hana insha. Kazi yake ni kukusanya ushahidi wa majukumu na kutenga saa za kusoma ambazo familia imezikubali.

Kulingana na hali yako

Umemaliza shahada ya kwanza karibuni, huna uzoefu, na unaitaka fani hii: masta yenye kiangazi cha mafunzo kwa vitendo ndani yake inakufaa zaidi, hasa ukipata usaidizi wa utafiti au ufadhili. Ukikosa fedha, tafuta nafasi yoyote ya chini katika idara ya rasilimali watu, fanya aPHR au CIPD ngazi ya 3, na uombe tena baada ya mwaka au miwili ukiwa na visa vya kuandika.

Uko kazini miaka mitatu au minne, mwajiri wako ana nafasi za juu, na msimamizi wako anakuamini: anza na cheti kwa gharama ya mwajiri, au masta ya jioni. Kuacha mshahara hapa kunahitaji sababu nzito, na "kila mtu ana masta siku hizi" haitoshi.

Una miaka sita au zaidi na unataka kukaa meza moja na mkurugenzi wa fedha, pengine kuongoza kitengo kizima cha biashara siku moja: MBA ina hoja yenye nguvu, mradi ofisi ya ajira ikuonyeshe kuwa rasilimali watu ni njia hai katika shule hiyo.

Unatoka fani nyingine kama ualimu au uuguzi: masta ya muda wote inakupa kitambulisho kipya mbele ya waajiri kwa kasi ambayo cheti hakiwezi. Usiifiche fani yako ya zamani kwenye insha. Aliyepanga zamu za wauguzi usiku anajua mambo ya wafanyakazi ambayo wenzake darasani watayasoma kwenye vitabu.

Moyo wako uko kwenye vyama vya wafanyakazi, majadiliano na haki kazini: tafuta ukoo wa mahusiano kazini, na uipe MBA nafasi ya mwisho. Unapenda takwimu zaidi: tazama shule za biashara, na uangalie pia uzamili wa saikolojia ya kazi na mashirika.

Unavuka mpaka kwenda Marekani: mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hupata kwa kawaida miezi 12 ya kufanya kazi baada ya kuhitimu, na miezi 24 zaidi kama programu yake imeainishwa kuwa ya sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati. Masta nyingi za rasilimali watu hazijaainishwa hivyo. Baadhi zimo, na saikolojia ya kazi na mashirika imo. Ulizia msimbo wa programu kabla ya kuomba, kwa kuwa miezi hiyo 24 inaweza kumfanya mwajiri akubali au akatae kukusaili.

Na kama tayari una barua mbili za kukubaliwa mkononi, usilipe kwanza amana ya kushikilia nafasi yako. Iandikie kila programu ikuunganishe na wanafunzi wawili wa mwaka wa pili, mmoja aliyepata mafunzo ya kiangazi mapema na mmoja aliyechelewa. Huyo wa pili muulize ofisi ya ajira ilimfanyia nini mwezi Machi, alipokuwa bado hana ofa.